GNU Backgammon kwenye kompyuta: uzoefu wangu na jinsi ya kuitumia ikufae

Nimeitumia programu hii ya bakigamoni, mchezo wa ubao unaochezwa na watu wawili kwa dadu na kete, kwenye Windows na kwenye Ubuntu, na maoni yangu ni haya: kama mpinzani ni kali kuliko karibu kila binadamu utakayecheza naye, lakini kinachoifanya iwe na thamani ni uwezo wake wa kuukagua mchezo na kukuonyesha ulipopotea njia na kwa kiasi gani. Anayeifungua ili acheze tu, kisha akaifunga, ameacha sehemu nzuri kuliko zote.

Ni programu huria, hailipiwi, haina matangazo, na ukishaisakinisha haihitaji intaneti, kwa hiyo bando lako halitaguswa. Kwenye Ubuntu au Debian andika sudo apt install gnubg. Kwenye Windows unapakua faili la usakinishaji na kulifungua kama programu nyingine yoyote. Menyu zimetafsiriwa kwa lugha kadhaa, ila Kiswahili hakimo, hivyo majina ya vitufe nitayaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini. Kompyuta ya zamani inaimudu, na ikiwa nzito mno unaweza kuifungua kwa gnubg -t, ukacheza kwa maandishi matupu: new match 7, kisha roll, kisha 8/5 6/5.

Namba hizo zinahitaji maelezo kwa asiyeujua ubao. Ubao una pembe 24, yaani pembetatu ambazo kete hukaa, na kila mchezaji anazihesabu kwa upande wake: 1 hadi 6 ni nyumbani kwake, 24 ni ndani kabisa ya nyumba ya mpinzani. Kila mmoja anaanza na kete 15: mbili kwenye pembe ya 24, tano kwenye 13, tatu kwenye 8 na tano kwenye 6. Ukijumlisha hatua zote za kurudi nyumbani na kutoka unapata 167, na jumla hiyo programu inakuonyesha muda wote. Hivyo 8/5 6/5 maana yake ni kutoa kete moja pembe ya 8 na nyingine pembe ya 6 na kuzikutanisha kwenye 5, ambayo ndiyo njia bora ya kufungua kwa 3-1, yaani dadu zikitoka 3 na 1. Kete iliyopigwa, yaani iliyokutwa peke yake na mpinzani ikatolewa hadi katikati ya ubao, ikiingia tena inaandikwa kwa mfano bar/20, na inayotolewa nje ya ubao inaandikwa 6/off.

Kwa kipanya, watu wengi huburuta kete, na hilo linafanya kazi, lakini kuna njia za haraka zaidi. Ukibofya kete kwa kitufe cha kushoto, inasogea kwa dadu iliyo kushoto. Ukibofya kwa kitufe cha kulia, inasogea kwa dadu ya kulia. Ukibofya pembe tupu, programu inajaribu kukuwekea kete mbili hapo, kwa hiyo kwa 3-1 ya kufungulia bofyo moja kwenye pembe ya 5 linatosha. Hatua haijakamilika mpaka ubofye dadu zenyewe. Kabla ya hapo unaweza kurudisha kete zako kwa Undo na kufikiri upya. Kubofya dadu kwa kitufe cha kulia kunazibadilisha nafasi tu. Kama mwelekeo wa kete unakuchanganya, kuna kitufe cha kugeuza ubao ili nyumba yako iwe upande uliouzoea.

Sehemu inayowakwaza wanaoanza ni pale wanapobofya dadu na programu ikakataa. Karibu kila mara sababu ni sheria, wala si hitilafu. Sheria inadai utumie dadu zote mbili kama kuna njia yoyote ya kufanya hivyo. Umecheza 4, 6 imekwama, lakini ungeanza na kete nyingine, namba zote mbili zingechezeka: basi programu itakungoja urekebishe. Kama inayochezeka ni moja tu kati ya mbili, lazima iwe kubwa ikiwezekana. Na kete yako ikiwa imepigwa, ipo katikati ya ubao, hakuna kete nyingine itakayosogea mpaka hiyo iingie kwanza.

Unapobonyeza New unachagua urefu wa mechi, yaani pointi za kufikia, au mchezo wa fedha, ambao kila mchezo unahesabiwa peke yake. Hapo pana tofauti ya kuizingatia. Kwenye mchezo wa fedha sheria ya Jacoby huwa imewashwa: ukimfunga mpinzani kabla hajatoa kete hata moja, ushindi ambao kwa kawaida huhesabiwa mara mbili, unapata pointi moja tu kama dadu ya kuzidisha dau (dadu maalumu inayofanya pointi za mchezo ziwe mara mbili) haijaguswa. Anayeona ameshinda mara mbili na kupewa moja hudhani programu imekosea hesabu. Kwenye mechi inayotumika ni sheria ya Crawford: mchezaji akibakiza pointi moja kushinda mechi, mchezo unaofuata unachezwa bila kuzidisha. Mechi ya pointi 7 inafaa kwa mazoezi, kwa sababu ina urefu wa kutosha kukulazimisha ufikirie dau bila kukumalizia jioni nzima.

Kuhusu viwango vya mpinzani, nina msimamo. Ukienda Settings halafu Players utaona ngazi kadhaa, kuanzia Beginner kwenda juu. Ngazi za chini usizitumie kujifunza. Kilichofanywa huko ni kuchukua tathmini ileile ya mtandao wa neva (sehemu ya programu iliyofunzwa kupima nafasi kwenye ubao) na kuitia kelele, yaani namba ya nasibu inayovuruga uamuzi. Matokeo yake kompyuta inacheza hatua saba za kibingwa na ya nane ya ajabu, bila mantiki yoyote. Binadamu anayeanza hakosei hivyo. Yeye ana tabia: anaogopa kupigwa, anakimbilia nyumbani mapema, anarundika kete tano kwenye pembe moja. Kumpiga mpinzani wa kelele hakukufundishi kumpiga huyo. Mimi ningemweka kila mtu, hata mgeni kabisa, mbele ya World class, kisha akubali kushindwa mara nyingi huku akisoma sababu.

Expert na World class zote hazina kelele. Tofauti ni kina. Expert inatazama ubao ulivyo baada ya kila hatua inayowezekana na kuuliza mtandao wa neva: hapa nafasi ikoje? World class inaenda mbele zamu mbili, ikipitia aina zote 21 za matokeo ya dadu kila zamu. Kila zamu inayoongezwa inazidisha kazi mara 21 hivi, ingawa programu huchuja hatua dhaifu mapema ili isipoteze muda kwazo. Ndiyo maana Grandmaster, inayokwenda zamu tatu, inakuchosha kusubiri kwenye kompyuta dhaifu, na faida yake kwa mtu wa kawaida ni ndogo sana.

Sasa fungua Settings, Options, kisha Tutor, na uwashe Tutor mode. Hapa ndipo programu inapokuwa mwalimu. Ukicheza hatua mbaya, kabla haijakubaliwa linatokea dirisha la onyo lenye vitufe kama Play Anyway, Rethink na Hint. Bonyeza Rethink kwanza, utafute mwenyewe. Ukikimbilia Hint kila mara utajifunza kubofya Hint. Kiwango cha onyo kinapangwa: kwa anayeanza chagua cha makosa makubwa tu, la sivyo dirisha litakutokea kila zamu na utalizima kwa hasira. Ukizoea, shusha kiwango.

Hint yenyewe inaleta orodha ya hatua kutoka bora hadi mbaya, na kila moja ina asilimia za kushinda, kushinda mara mbili na kushinda mara tatu, kisha upande wa kushindwa vivyo hivyo. Mwishoni ipo namba moja ya thamani: wastani wa pointi utakazopata ukicheza hatua hiyo. Tazama tofauti kati ya hatua ya kwanza na yako. Makosa yanawekewa alama ?!, ? au ??, kadiri yanavyozidi ukubwa. Tofauti ya 0.01 iache, maisha ni mafupi, ya 0.16 ikae nayo mpaka uelewe kilichoikosesha hatua yako.

Dadu ya kuzidisha dau ndiyo inayowamaliza waliojifunza bakigamoni bila dau. Kuzidisha unaibofya hiyo dadu kabla ya kurusha zako, na mpinzani anakubali au anaacha. Hesabu ya kukubali ni hii: kwenye nafasi nne zinazofanana, ukiacha zote unapoteza pointi 4. Ukikubali zote na kushinda moja tu, unapata 2 na kupoteza 6, jumla unapoteza 4 zilezile. Kwa hiyo mwenye asilimia 25 za kushinda hapotezi kwa kukubali, na mwenye zaidi ya hapo anafaidi. Kwa kuwa ukikubali dadu inakuwa yako na wewe tu unaweza kuizidisha tena, hata chini kidogo ya 25 inalipa. Lakini hatari ya kufungwa mara mbili inakipandisha juu kiwango hicho cha 25. Wengi huacha mapema mno kwa woga, na uchambuzi wa programu unalionyesha hilo bila huruma.

Mechi ikiisha, hifadhi faili, kisha nenda Analyse na uchambue mechi yote. Utapata takwimu za makosa ya kete na ya dau kila moja peke yake, na daraja lako kuanzia Awful! hadi Supernatural. Kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye ripoti hiyo ni bahati. Programu inapima kila mrusho ulikusaidia au kukuumiza kiasi gani ukilinganisha na wastani wa mirusho yote, halafu inajumlisha. Unaweza kukuta umeshinda mechi kwa bahati tupu ukiwa umecheza vibaya, au umeshindwa ukiwa ndiye uliyecheza vizuri zaidi. Katika mchezo wa dadu, hakuna namna nyingine ya kulijua hilo kwa haki.

Na hapo niseme kuhusu lawama inayosikika kila mahali, kwamba kompyuta inajipa 6-6. Msimbo wa programu hii uko wazi, yeyote ausome, na kitengeneza namba nasibu chake cha kawaida, Mersenne Twister, hakijui ubao ukoje. Kuna chaguo la makusudi la kuchezea dadu, lakini linakuja likiwa limezimwa. Asiyeamini bado achague Manual dice: anarusha dadu zake halisi mezani, kwa zamu zote mbili, na kuziingiza kwenye programu. Atashindwa vilevile. Mchezaji hodari huacha nafasi ambazo namba nyingi zinamfaa, ndiyo maana anaonekana mwenye bahati.

Ukibishana na mwenzako kuhusu nafasi fulani, usipige picha ya skrini. Kila nafasi ina kitambulisho cha herufi na namba 14. Ubao wa mwanzo kwa mfano ni 4HPwATDgc/ABMA. Mtumie kwa ujumbe, abandike kwenye programu yake, ubao uleule umtokee. Kwa ubishi usiokwisha kuna Rollout: programu inacheza nafasi hiyo mara nyingi hadi mwisho na kutoa wastani. Idadi ya kawaida ni 1296, yaani 36 mara 36, ili mirusho miwili ya kwanza igawanywe sawasawa. Iache ikimbie ukiwa unafanya mambo mengine. Itumie hasa kwenye michezo ya nyuma, ambapo mmoja anashikilia pembe mbili ndani ya nyumba ya mpinzani na kungoja; huko ndiko tathmini ya haraka ya mitandao ya neva inakoyumba. Kwenye mbio za mwisho, kinyume chake, programu ina hifadhidata za kutoa kete, na kwa kete sita au pungufu kila upande nyumbani, jibu lake ni hesabu kamili wala si makadirio.

Kwa wasomaji wa Oman na Ghuba walioizoea tawla, jina la huko la bakigamoni na michezo inayofanana nayo, chunguzeni kwanza mnacheza aina gani. Mahbusa, ambayo kete zote 15 zinaanzia pembe moja na kete hazipigwi bali zinabanwa, haimo humu. Zilizomo ni bakigamoni ya kawaida, Nackgammon yenye kete mbili za ziada nyuma kwenye pembe ya 23, na Hypergammon, ambayo hata kwa kete tatu tu kila upande inaweza kumalizika kwa pointi tatu. Unachagua aina kwenye dirisha lilelile la New kabla mechi haijaanza.