Doctor Who: nilianzia 2005, na ndiko ningekushauri uanzie

Ukifungua orodha ya Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya Uingereza, kwa mara ya kwanza, utakutana na misimu mitatu tofauti yenye namba moja. Upo wa 1963, wa picha nyeusi na nyeupe. Upo wa 2005, tamthilia iliporudi na kuanza kutolewa kila mwaka baada ya kusimamishwa 1989. Kisha upo wa 2024, ambao watayarishaji waliamua kuuhesabu upya. Yote ni tamthilia moja, mhusika mkuu ni yule yule, na hakuna msimu unaofuta uliotangulia. Asiyejua anabonyeza wowote, na atakachokiona humo ndicho kitakachoamua kama ataendelea au ataitupa. Mimi nilipima kwanza, nikaanzia 2005. Nimeshaitazama vya kutosha, ya zamani na mpya, na bado nasema palikuwa ndipo.

Kwa asiyeijua kabisa: Daktari ni msafiri kutoka sayari nyingine. Chombo chake, TARDIS, kwa nje ni kibanda cha simu cha polisi chenye rangi ya buluu, na ndani ni kikubwa kuliko nje. Kinakwenda mahali popote, wakati wowote. Akikaribia kufa, mwili wake hugeuka akawa mtu mwingine wa sura na tabia, ila kumbukumbu zinabaki. Mbinu hiyo ilibuniwa 1966, William Hartnell, mwigizaji wa kwanza wa Daktari, alipoachia nafasi akaingia Patrick Troughton, na ndiyo iliyoiwezesha tamthilia kuishi hadi leo. Kwa anayetafuta pa kuanzia, hii ni neema: kila anapoingia Daktari mpya, waandishi hulazimika kumtambulisha upya.

Wengi wetu tumezoea kwamba hadithi huanzwa mwanzo, kwa hiyo niseme wazi kwa nini sikuanzia 1963. Si kwa sababu ni mbaya. Sehemu ya kwanza kabisa, iliyorushwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963, ni dakika ishirini na tano za kazi safi mno. Walimu wawili wana wasiwasi na mwanafunzi wao, Susan, binti anayejua mambo yanayowashinda wao halafu hajui yale ambayo kila mtoto anayajua. Akiulizwa pauni moja ina shilingi ngapi, anajibu kwamba alidhani Uingereza tayari inatumia pesa za mafungu ya kumi, kisha anajisahihisha: mfumo huo haujaanza bado. Uingereza iliuanza kweli, mwaka 1971. Hebu fikiria kuandika mstari huo 1963! Walimu wanamfuata usiku hadi kwenye uwanja wa vyuma chakavu, wanakuta kibanda cha polisi kinanguruma, na mambo yanaanza.

Shida ni kinachofuata. Sehemu tatu zinazokamilisha kisa hicho ni ugomvi wa watu wa mapangoni kuhusu moto, na zinakwenda polepole sana. Ukivumilia unafika kwa Dalek, viumbe wakatili wanaoishi ndani ya magamba ya chuma na maadui wakubwa wa Daktari; ni kisa cha pili, kizuri lakini kirefu cha sehemu saba. Kisha kisa cha nne, kinachomhusu Marco Polo, hakipo. Sehemu zake zote saba zimepotea. Wakati ule BBC ilikuwa ikifuta kanda zake ili zitumike tena, na sehemu nyingi za miaka ya 1960 ziliondoka hivyo. Sauti za sehemu hizo zote zimebaki, kwa sababu watazamaji walizirekodi nyumbani kutoka kwenye televisheni, na baadhi ya sehemu zimetengenezewa katuni juu ya sauti hizo. Nawashukuru watu wale kwa dhati. Lakini mgeni asiyempenda Daktari bado, ukimkalisha asikilize sauti juu ya picha za mnato, humtendei haki yeye wala tamthilia.

Sasa 2005. Kipindi cha kwanza kinaitwa "Rose". Kamera inashuka kutoka angani hadi kwenye saa ya kengele kando ya kitanda cha msichana wa London, Rose Tyler, muuzaji katika duka kubwa la nguo. Jioni anateremka chini ya jengo, na masanamu ya plastiki ya kuonyeshea nguo yanaanza kutembea. Anarudi nyuma hadi ukutani. Mkono asioujua unaushika wake na mtu anamwambia: kimbia. Hapo hata hujakaa sawa kitini. Baadaye, akiingia TARDIS kwa mara ya kwanza, anatoka mbio, anakizunguka kibanda chote kwa nje, ndipo anarudi ndani. Ndivyo na mimi ningefanya. Russell T Davies, aliyeirudisha tamthilia, hakumpa mtazamaji hata aya moja ya historia. Asichokijua Rose hukijui na wewe, na unajifunza kila kitu kwa kasi yake.

Vipindi viwili vinavyofuata vinakamilisha somo. Cha pili kinakupeleka miaka bilioni tano mbele, ambako wageni wa kila umbo wamekusanyika kutazama jua likiiteketeza Dunia. Cha tatu kinakurudisha Cardiff ya 1869, kwa mwandishi Charles Dickens na maiti zinazoamka. Leo, kesho ya mbali, jana. Ukimaliza hivyo vitatu umeshajua tamthilia hii ni ya namna gani, na kama haijakugusa, unaweza kuiacha kwa moyo mweupe.

Ila mimi naomba ufike cha sita, kiitwacho "Dalek". Hiki ndicho hoja yangu nzima. Chini ya ardhi huko Utah, Marekani, tajiri mmoja amekusanya vitu vilivyodondoka kutoka anga za mbali, na anajivunia kiumbe hai kimoja ambacho watu wake wamekitesa bila kukifanya kizungumze. Daktari anaingia peke yake kwenye chumba chenye giza. Anazungumza kwa upole, anaomba radhi kwa mateso, anasema amekuja kusaidia, anajitambulisha. Kimya kidogo. Kisha sauti ya kukwaruza inalitamka jina lake silabi kwa silabi, na taa ya buluu inawaka. Christopher Eccleston, mwigizaji wa Daktari msimu huu, ambaye kwa vipindi vitano amekuwa akicheka mbele ya kila hatari, anaurukia mlango na kuugonga kwa ngumi akitaka afunguliwe. Aliyeanzia 1963 anamjua adui huyu tangu zamani na ameshamwona akishindwa mara nyingi. Aliyeanzia "Rose" hajui chochote, na ndiyo maana hofu ile inamwingia mifupani, kwa sababu anaisoma usoni kwa mtu aliyeanza kumwamini. Yatakayofuata nakuachia, sitaki kukuondolea uhondo.

Msimu huo una udhaifu wake. Picha za kompyuta ni za wakati wake na zinaonekana. Kuna pipa la taka linalommeza mtu kisha linacheua, na vipindi vya nne na tano vina majitu yanayojamba katikati ya kikao cha serikali. Watoto watacheka, mimi nilikuwa nasubiri yapite. Usiviruke lakini, maana hapo ndipo unapomwona mama yake Rose akidai majibu kuhusu mwanawe, na uzito wa kusafiri na Daktari unaanza kuonekana kwa wanaobaki nyumbani. Kufika kipindi cha tisa na cha kumi, London ya Vita Kuu ya Pili na mtoto mwenye barakoa ya gesi anayemtafuta mama yake, utakuwa umeshasahau mapipa.

Kuna ushauri mmoja ninaoukataa, na najua unatolewa kwa nia njema: kwamba mgeni aonyeshwe kwanza "Blink", kipindi cha 2007 chenye sanamu za malaika zisizosogea mpaka upepese macho. Ni kipindi bora, huenda kuliko vyote vya miaka hiyo. Lakini Daktari karibu hayumo! Amekwama mwaka 1969 na sehemu kubwa anaongea kupitia rekodi za video. Anayeanzia hapo anapenda hadithi ya kutisha iliyojitosheleza, kisha anafungua kipindi kingine akitegemea kupata hiyo hiyo, na haipati. Ukikikuta mahali pake, msimu wa tatu, utakuwa unamkosa Daktari kweli, na kila neno lake kwenye ile skrini litakuwa na thamani maradufu.

Kama picha za 2005 zinakushinda kabisa, nenda 2010, kipindi cha "The Eleventh Hour". Matt Smith anaanza kama Daktari, msaidizi ni mpya, TARDIS ni mpya, na mwandishi Steven Moffat ameshika usukani. Mtoto Amelia Pond ana ufa ukutani unaomtisha. Daktari anaanguka bustanini kwake, anakataa kila chakula anachopewa hadi anaridhika na vijiti vya samaki vilivyochovywa kwenye kastadi, anamwahidi kurudi baada ya dakika tano, na anarudi baada ya miaka kumi na miwili. Kama utangulizi, hauna kasoro. Gharama yake ni kwamba utakuwa umeruka miaka ya David Tennant, Daktari aliyempokea Eccleston, na River Song, mwanamke utakayekutana naye mapema msimu huo, aliingia kwanza mwaka 2008 kwa namna ambayo ingekubadilishia kila tukio lake.

Msimu wa 2018, Jodie Whittaker alipoingia kama Daktari, ni mwepesi kwa mgeni kwa sababu vipindi vyake kumi havikumrudisha adui yeyote wa zamani. Mimi naona ulipata wepesi ukapoteza joto. Wa 2024 wa Ncuti Gatwa una namba moja, lakini unaegemea vipindi maalumu vya 2023 ambavyo Tennant alirudi, na mgeni atahisi ameingia sebuleni watu wakiwa katikati ya mazungumzo.

Jambo la kuangalia kwa makini popote utakapotazama: vipindi vya Krismasi. Huduma nyingine huviweka mwishoni mwa orodha au pembeni kabisa, na ukibonyeza "kinachofuata" unavipita bila habari. Baada ya msimu wa 2005 kuisha, kitafute "The Christmas Invasion" kabla hujagusa msimu wa pili. Hapo ndipo Tennant anapoanza kweli. Bila hicho utamkuta mtu mpya amevaa suti ameshazoeleka na wewe hujui alizoeleka lini.

Ukishampenda, rudi nyuma, na huko pia si lazima kwa mpangilio. "Spearhead from Space" ya 1970 ni kisa cha kwanza cha rangi na cha kwanza cha Jon Pertwee, na masanamu yale ya dukani yalianzia hapo. Kisha "Genesis of the Daleks" ya 1975, Tom Baker akiwa amepewa nafasi ya kuwazuia Dalek wasizaliwe na akijiuliza kama ana haki hiyo. Ukitaka kucheka, "City of Death" ya 1979, iliyopigwa picha Paris. Visa hivi vilirushwa sehemu moja kwa wiki, kila sehemu ikikatika mtu akiwa hatarini, kwa hiyo tazama sehemu moja au mbili kisha ufunge hadi siku nyingine. Ukizimeza zote sita za Genesis kwa mkupuo utaona watu wanakimbia kwenye korido zile zile. Ukizigawa, kila moja inasimama.