Kompyuta Yangu, Ufunguo wa Muuzaji

Nilikusudia kuandika sifa tupu. Kompyuta niliyonunua katikati ya mji wa Lubumbashi, miezi kadhaa iliyopita, ilikuja na Windows 11, nami, ambaye riziki yangu ni kuchapa tasnifu za wanafunzi wa chuo kikuu, nilikwisha kuuzoea mfumo huo na kuupenda. Ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na V, baada ya kuiruhusu huduma hiyo mara moja tu, unaonyeshwa vipande 25 vya mwisho ulivyonakili. Kwa anayehamisha tanbihi na marejeo kutwa nzima, hiyo ni neema. Niliuarifu mfumo pia kwamba intaneti ya simu yangu hulipiwa kwa kipimo, ukaacha kupakua masasisho mengi kwa kifurushi changu, na nikazizima programu zilizokuwa zikijianzisha zenyewe kila asubuhi na kuimaliza betri, jambo zito katika mtaa ambao umeme hukatika bila taarifa.

Kisha feni ikaanza kuvuma. Nikairudisha kompyuta dukani, kwa kuwa garanti ilikuwa bado hai, na fundi wao akasema dawa ni kusasisha BIOS, yaani programu ya msingi inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Kazi ilipokwisha, mashine ikauliza kama ifute yaliyomo katika TPM, yaani ile chipu inayotunza siri za usalama, naye akakubali bila hata kusoma, huku akizungumza na mteja mwingine. Feni ilinyamaza, sikatai. Lakini badala ya faili zangu ikatokea skrini ya buluu iliyodai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48.

Hapa ndipo hasira yangu inapoanzia, na sioni sababu ya kuificha. Kompyuta nyingi mpya za Windows 11 husimba diski nzima kwa njia fiche mara tu mtu wa kwanza anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo wa kuifungua huhifadhiwa katika akaunti ya mtu huyo. Je, mtu wa kwanza katika mashine yangu alikuwa nani? Muuzaji! Aliiandaa kwa anwani ya duka kabla ya kunikabidhi, akanitengenezea jina la mtumiaji la pili, akanionyesha jinsi ya kubadili picha ya ukutani, na kuhusu ufunguo hakutamka neno. Nililipa dola zangu zote taslimu nikaondoka na nyumba ambayo ufunguo wake umebaki kwa aliyeijenga.

Nilipomweleza hayo, alinitazama kana kwamba nimekuja kuomba mkopo. "Mama, mambo haya ni ya kitaalamu, huwezi kuyaelewa," alisema. "Tufute kila kitu, utalipa dola 20, utaondoka na mashine safi." Safi! Ndani yake mlikuwa na tasnifu za vijana waliokuwa wakingoja kuzitetea, na diski iliyosimbwa hivyo haisomeki bila ufunguo, hata ukiitoa na kuifunga katika kompyuta nyingine. Nilimsihi afungue akaunti ya duka na kulinganisha kitambulisho cha ufunguo kilichoandikwa kwenye skrini. Alijibu kwamba nenosiri analo mdogo wake, na mdogo wake yuko Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja hadi walipokaribia kufunga. Kijana mmoja anayepanga bidhaa, ambaye hakuna aliyemwuliza lolote, ndiye aliyempigia mdogo mtu simu, akanakili tarakimu zote kwenye karatasi, kisha akaniambia kwa adabu, "Mama, andika polepole, ni makundi manane ya tarakimu sita sita." Faili zote zilikuwepo.

Usiku huohuo niliingiza akaunti yangu mwenyewe yenye mamlaka ya msimamizi, nikaenda kwenye mipangilio ya faragha na usalama, nikazima usimbaji wa kifaa, nikangoja umalizike kabisa, kisha nikauwasha upya ili utengenezwe ufunguo mwingine. Nilipohakikisha kwamba umehifadhiwa katika akaunti yangu, niliuandika pia kwenye daftari, na akaunti ya duka nikaiondoa. Mwenye kununua kompyuta iliyokwisha kuandaliwa na mtu mwingine afanye hivyo kabla hajaweka hata barua moja.

Kuhusu mfumo wenyewe, bado ninausifu: ulizilinda faili zangu kama inavyopasa, hata dhidi yangu mimi. Kuhusu duka, nilikuwa nimeamua kumwonya kila ninayemfahamu asilikanyage. Hata hivyo, bei yao ni nafuu kuliko kwingine mjini, na yule kijana anastahili kupandishwa cheo, hivyo huenda nikarudi kununua wino wa printa. Lakini nikikumbuka lile "huwezi kuyaelewa", hapana, wino nitaununua kwingine mjini, Kamalondo.