Tuisheni ya fizikia Mbagala: nilichokipata kwa hela yangu

Wazazi wenzangu mnaotafuta tuisheni ya fizikia kwa watoto wa kidato cha pili na cha tatu, nawaeleza niliyoyaona kwenye darasa analosoma binti yangu, huku Mbagala upande wa Rangi Tatu. Ada ni shilingi 30,000 kwa mwezi, masomo ni jioni za katikati ya wiki na Jumamosi asubuhi.

Awali alikuwa kituo kingine, sitakitaja. Huko ni notisi na pastipepa, wanakariri majibu, kisha jaribio. Alama zilipanda kweli. Lakini siku umeme ulipokata nikamuuliza hizi uniti za LUKU zinahesabiwaje, akabaki ananitazama, na daftarini kanuni ya nguvu ya umeme kaiandika kwa wino mwekundu na kuipigia mstari! Iliniuma, maana mimi nauza juisi na hela yake naitafuta kwa jasho.

Mwalimu wa sasa huanza na swali. Walipofika mada ya umeme, aliwatuma kila mmoja akasome kibandiko cha kifaa kimoja cha nyumbani, arudi na wati zake. Binti yangu akachagua friji langu la juisi: wati 150. Darasani wakapiga hesabu, wakaona likiwaka saa 10 mfululizo linakula uniti moja na nusu (uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja). Mwalimu akauliza, nani kawaambia friji haipumziki? Basi jioni ile mtoto akakaa jikoni na simu, anapima dakika za mota kuunguruma na dakika za kunyamaza. Kunyamaza kulikuwa kwa nadra mno. Aliporudi kuuliza kwa nini, hakupewa jibu. Aliambiwa abane noti ya elfu moja kwenye mlango wa friji, aufunge, kisha aivute. Juu ilishikwa vizuri, chini ikachomoka yenyewe. "Mama, raba imelegea hapa. Joto la nje linaingia, ndiyo maana mota haipati nafasi ya kupumzika." Nikamwita fundi akabadilisha raba, na sasa uniti zinanifikisha mbali kuliko zamani.

Kitu kingine nilichokipenda, mwalimu anaeleza kwa Kiswahili hadi waelewe, ndipo wanaandika kwa Kiingereza kwa sababu mtihani wa NECTA ndivyo unavyotaka. Na anayekosa hachekwi. Anaitwa ubaoni aeleze alivyofikiri, wenzake watafute alipopotoka. Binti yangu alikuwa mtoto wa kuinamisha kichwa mwalimu akimtazama, leo anabisha na anatoa sababu, hata kwangu (kwa adabu, namshukuru Mungu). Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule zimjengee mtoto akili ya kudadisi na kujiamini. Mimi nimeliona hilo kwenye chumba cha bati chenye ubao mmoja.

Kasoro zipo. Chumba kina joto kali, benchi moja wanabanana watano, na choo wanatumia cha nyumba ya jirani. Mada zinakwenda taratibu, muhula uliopita walifunga wakiwa nyuma ya shule zao, kwa hiyo mwenye mtihani wa taifa mwezi ujao patamtesa. Pia mwalimu hatumi alama kwa wazazi, lazima ufike umuulize, na kwa sisi wafanyabiashara hilo ni usumbufu. Naomba alirekebishe.

Hata hivyo nampa nyota nne kati ya tano, na mdogo wa binti yangu akiingia kidato cha kwanza nitampeleka hapohapo. Mnaotaka kuona wenyewe, nendeni Jumamosi saa tatu asubuhi. Anaruhusu mzazi kukaa nyuma na kusikiliza kipindi kizima kabla hajalipa.