Seti ya masomo ya mwamko wa Harlem, nimeitumia darasani

Walimu wenzangu, hii seti ya kudaunlodi kuhusu mwamko wa Harlem, yaani kuchanua kwa sanaa na fasihi ya watu weusi katika mtaa wa Harlem, New York, miaka ya 1920, nimeipenda sana, maana haianzi na kukariri majina, inaanza na ramani ya watu weusi wakihama kutoka kusini mwa Marekani kwenda miji ya kaskazini, ndo mwanafunzi anaelewa kwa nini mtaa huo mmoja ulijaa washairi na wachoraji. Halafu unawawekea muziki wa jazi huku wanasoma shairi la Langston Hughes, aisee darasa linatulia lenyewe, wanasikia mapigo ndani ya mistari! Picha za mchoraji Aaron Douglas ndo zimeniudhi, ziko giza mno, vile vivuli vyake havionekani. Na mwandishi Zora Neale Hurston kapewa nusu ukurasa tu, hapo nimeongezea mwenyewe. Nyota 4.