Boriti za kiwandani au mbao nzima kwa sakafu ya ghorofa?

Kwa wanaojenga nyumba za mbao Marekani na Kanada, ubishi huu hauishi. Boriti za kiwandani, zile zenye umbo la herufi I, hazipindi wala kusinyaa kama mbao nzima, yaani zilizopasuliwa kutoka kwenye gogo, kwa hiyo sakafu hukaa sawa na hailii ukiikanyaga. Huvuka nafasi pana bila nguzo katikati, na ni nyepesi kubeba. Fundi bomba hupitisha mabomba kwenye matundu ya ubao wa katikati. Ila asiguse kingo za juu na chini, maana akizikata, nguvu ya boriti imekwisha.

Kwa bei ya kipande, mbao nzima mara nyingi ndizo nafuu. Ukarabati pia ni rahisi: unapigilia nyingine ubavuni.

Kinachonitia wasiwasi hasa ni moto. Ule ubao mwembamba wa katikati ya boriti za kiwandani huungua haraka, na sakafu huporomoka mapema. Tangu toleo la 2012, kanuni ya mfano ya nyumba za makazi Marekani (ile ambayo majimbo na miji huichukua kuwa sheria yao) kwa kawaida inataka boriti hizo zikingwe chini, kwa mfano kwa bodi ya jipsamu ya nusu inchi. Usiruke hatua hiyo.

Unataka sebule pana isiyo na nguzo? Chukua za kiwandani. Unaongeza chumba kidogo kwenye nyumba ya zamani? Mbao nzima zinatosha.