OpenStack juu ya Kubernetes kwa OpenStack-Helm, uzoefu wangu

Naipa nyota tatu kati ya tano, na zote tatu imezipata siku ya kuapgredi, maana siku ya kuisakinisha nisingeipa hata moja.

Kwa asiyeijua, OpenStack ni programu huria ya kujijengea klaudi kwenye seva zako mwenyewe, ilianzishwa 2010 na Rackspace pamoja na NASA, watu wanaingia kwenye ukurasa wanajitengenezea mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva), diski na mitandao bila kukupigia simu. Kubernetes ni ile ya kusimamia kontena, yaani vifurushi vya programu na vyote inavyohitaji, Google waliitoa 2014. Helm ni chombo cha kusakinisha vitu ndani ya Kubernetes kwa vifurushi vya maelekezo vinavyoitwa chati. Sasa OpenStack-Helm inachukua kila kipande cha OpenStack inakitia kwenye kontena, alafu Kubernetes inasimama juu yao kama nyapara, podi (kikundi kidogo cha kontena) ikifa inainua nyingine.

Ofisini kwetu Dar tulikuwa na mfumo wa kulipia leseni, bei ikapaa, bosi akasema tafuta cha bure. Leseni ni bure kweli, ni Apache 2.0, ila RAM utainunua wewe. Kuna Keystone ya utambulisho, Glance ya imeji, Nova ya mashine pepe, Neutron ya mtandao, Cinder ya diski, Placement ya kuhesabu nafasi iliyobaki, Horizon ambayo ni ule ukurasa wa watumiaji, bado MariaDB ya databesi, RabbitMQ ya kupitisha ujumbe na Memcached ya kumbukumbu ya haraka zinazowahudumia wote hao, yaani hujawasha hata mashine pepe moja na skrini ishajaa podi. Imeji za kontena nazo nzito, ukizivuta kwa bando utalia, na kila seva inazivuta kivyake, kwa hiyo weka rejista yako ya ndani (ghala la imeji) kabla hujaanza, ile kitu ilituokolea intaneti ya ofisi nzima. Na etcd, databesi ya Kubernetes yenyewe, iwekee SSD, kwenye diski za kuzunguka itakusumbua mpaka uichukie bure.

Kitu nilichokipenda mapema ni jinsi podi zinavyosubiriana. Nova haianzi mpaka databesi iwe tayari, RabbitMQ iwe tayari, Keystone ijibu, na wakati inasubiri unaiona imekaa kwenye Init tu, yaani hatua ya maandalizi. Wengi hapo wanaanza kufuta podi ovyo. Usifute, soma logi ya ile kontena ya mwanzo, inakuandikia kabisa inamsubiri nani, we mfuate huyo huyo anayesubiriwa.

Mtandao ndo sehemu ngumu kuliko zote aisee, kwa sababu una mitandao miwili inayoishi kwenye seva moja, wa podi (sisi tunatumia Calico) na wa mashine pepe ambao ni Neutron na Open vSwitch (swichi ya kiprogramu), na tatizo likitokea kwanza ujue liko upande upi. Kuna siku mashine pepe zilikuwa zinajibu ping vizuri tu lakini ukifungua SSH inaganda, tovuti ndani haifunguki, kumbe ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, VXLAN inayofungasha trafiki ya mashine pepe inakula baiti 50 juu ya kila pakiti kwa hiyo kama waya wako ni 1500 mashine pepe ziambie 1450. Kingine, seva iwe na kadi ya mtandao ya pili kwa ajili ya trafiki ya nje, maana kadi utakayompa Open vSwitch anaichukua jumla, ukimpa ile uliyoingilia kwa SSH ndo umejifungia nje, tafuta bodaboda uende kwenye seva mwenyewe.

Tukaja kupata mtihani wa umeme, jenereta ikachelewa na UPS ikaisha, seva zote zikazima kwa mkupuo. Nilitegemea MariaDB ndo itagoma, maana klasta ya Galera (nakala kadhaa za MariaDB zinazolingana) wote wakilala pamoja hakuna anayejua nani alikuwa na data ya mwisho, lakini chati yao ina skripti inayolinganisha namba za kila mmoja na kumwamsha kwanza aliye mbele. Ilinyanyuka yenyewe, nikabaki nashangaa. Iliyogoma ni RabbitMQ, nikafuta podi zake na data yake ikajijenga upya, mle hamna kitu cha kudumu cha kulilia, alafu nikarestati za Nova na Neutron mambo yakaenda.

Haya, kuapgredi. Kwenye OpenStack ya kusakinisha kwa mkono hiyo ni wikendi ya kufunga na kuomba. Hapa nabadilisha toleo la imeji kwenye faili la mipangilio la YAML, Helm inaendesha kazi ya kubadili databesi, alafu podi za API (zinazopokea maombi) zinabadilishwa moja moja na watu wanaendelea na kazi zao. Hata podi ya libvirt, inayoendesha mashine pepe, ikirestati mashine pepe haziguswi, wameipanga hivyo makusudi. Na tangu toleo la 2023.1 unaweza kuruka toleo la katikati, ukaapgredi mara moja kwa mwaka badala ya mbili.

Ila usidanganyike kwamba Kubernetes itakuficha OpenStack. Inabidi uzijue zote mbili, na ukiweka Ceph ya kuhifadhi data hizo ni tatu, tena Ceph kwa kawaida inatunza nakala tatu kwa hiyo TB 30 za diski hesabu 10. Kama una seva tatu na fundi mmoja chukua Kolla-Ansible, njia nyingine ya kusakinisha OpenStack, nayo ni kontena lakini bila Kubernetes katikati, utalala usingizi. Kama timu yenu tayari inaishi kwenye Kubernetes kila siku basi hii itawafaa, hamtajifunza vyombo vipya.

Nyaraka zao ni nyembamba sana, mfano wa kuanzia upo ila ukitoka nje ya mfano uko peke yako. Majibu mengi nimeyakuta ndani ya lile faili la values (mipangilio) la kila chati, refu hatari lakini lina kila kitu, fungua hilo kwanza kabla hujaanza kugugo.