Sanger Institute: nimezipitia tafiti zao, hawa watu hawachezi

Wiki nzima nimekuwa nasoma kazi za Sanger Institute, kile kituo cha utafiti wa jeni cha Hinxton karibu na Cambridge, Uingereza. Ule mradi wa jenomu ya binadamu, yani kusoma DNA yote ya mtu, wao ndo walifanya kama theluthi moja afu data wakaziachia bure kwa kila mtu, hapo tu nawapa nyota 5. Ila kilichonikamata ni ya jeni inaitwa BRAF: 2002 wakaonyesha saratani nyingi za ngozi aina ya melanoma zina kosa kwenye hiyo jeni, mara nyingi herufi moja tu ya DNA, T imegeuka A, yani herufi moja!! 2011 Marekani ikaidhinisha vemurafenib, dawa inayopiga hapohapo. Kusoma sasa, jasho, aya moja nimeirudia mara nne.